Mhusika wa kubuni anakubadilishaje, na kwa nini mara nyingi hakubadilishi

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililohusisha watoto 180, wenye umri wa miaka 4 na miaka 6. Kila mtoto alikalishwa mbele ya kompyuta na kupewa kazi ya kuchosha kwa makusudi: ikitokea picha ya jibini abonyeze kitufe, ikitokea ya paka aache. Dakika 10, picha zilezile. Pembeni palikuwa na tableti yenye mchezo mtamu, na mtoto aliruhusiwa kuifuata wakati wowote akichoka. Kundi moja liliambiwa lijiulize, "Ninajitahidi?" Kundi la pili lilijiuliza swali hilohilo, ila kila mtoto akijitaja kwa jina lake kana kwamba anamsema mtu mwingine. Kundi la tatu lilichagua mhusika, awe Batman, Dora, Rapunzel au Bob the Builder, kila mtoto akavaa kitu cha mhusika wake, kisha akajiuliza, "Batman anajitahidi?"

Kwa jumla watoto walitumia muda mwingi zaidi kwenye mchezo kuliko kwenye kazi, na nani angewalaumu. Lakini waliojivika mhusika walidumu kazini kuliko wenzao, waliojitaja jina wakafuata, na wale wa "ninajitahidi?" wakashika mkia.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa makini. Hakuna mtoto aliyesimuliwa kisa cha Batman akibonyeza vitufe. Hakuna aliyehubiriwa uvumilivu. Walipewa swali fupi lenye jina la mtu mwingine ndani yake, na swali hilo likamtoa mtoto nje ya uchovu wake kwa hatua moja, akautazama uchovu badala ya kuwa ndani yake. Wengi wetu tunapozungumzia wahusika waliotubadilisha tunataja msisimko: jinsi tulivyolia ukurasa wa mwisho, jinsi tulivyotoka kwenye filamu tukitembea kifua mbele. Msisimko ni halali kabisa, ila siyo uliowafanya watoto wale waendelee kubonyeza.

Mambo matatu yanayoitwa kwa jina moja

Mtu akisema "huyu mhusika amenigusa", huenda anazungumzia mojawapo ya mambo matatu yasiyofanana, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

La kwanza ni kuzama. Msomaji anasahau kiti alichokalia, anaona anachosimuliwa, muda unakwenda bila yeye kujua. Melanie Green na Timothy Brock walilitafiti mwaka 2000, wakaonyesha kwamba aliyezama zaidi hadithini ndiye aliyekubaliana zaidi na imani zilizobebwa na hadithi, na ndiye aliyeona kasoro chache ndani yake. Aliyezama habishani. Hiyo ndiyo nguvu ya hadithi na ndiyo hatari yake, kwa sababu mlango unaopitisha wazo jema haumkagui mgeni.

La pili ni urafiki wa upande mmoja. Donald Horton na Richard Wohl waliueleza mwaka 1956 walipotazama jinsi wasikilizaji na watazamaji walivyojiona marafiki wa watangazaji wasiowajua hata kwa salamu. Kwa wahusika wa kubuni ni vilevile: unamkumbuka, unamhurumia, unamkasirikia, unajiuliza angesema nini. Faida yake kubwa ni uandamani. Mtu aliye peke yake katika jambo gumu anapata mwenzake wa kufikirika, na uandamani huo unaweza kumvusha usiku mrefu. Ila rafiki hakulazimishi kubadilika, na huyu wa kubuni hana hata uwezo wa kukusuta.

La tatu ni kujivika, yaani kuiona dunia kutokea alipo mhusika: lengo lake linakuwa lako, hofu yake inakuwa yako. Jonathan Cohen alilitenganisha wazi na mengine mwaka 2001. Ukiwa rafiki wa mhusika unamtazama kutoka nje. Ukimvaa, uko ndani. Hili ndilo lililo karibu zaidi na mabadiliko, na ndilo watoto wale walilolifanya.

Hata hivyo kujivika peke yake hakutoshi. Albert Bandura, aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza kwa kutazama wengine, alitaja hatua nne: kuliona tendo, kulikumbuka, kuweza kulitenda, na kuwa na sababu ya kulitenda. Hadithi nzuri ni mabingwa wa hatua ya kwanza, ya pili na ya nne. Ya tatu ndiyo inayoachwa wazi. Filamu inamchukua mtu asiyejua kupigana, inapiga muziki dakika mbili, na mtu huyo anatoka bingwa. Kilichokatwa ni mazoezi yenyewe: yale masaa ya kurudia jambo moja vibaya hadi lianze kunyooka. Mtazamaji anaondoka na hamu kamili na maelekezo sifuri.

Nani hasa anayebadilisha watu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu tunadhani anayetuinua ni yule aliye juu kabisa.

Mwaka 1997 Penelope Lockwood na Ziva Kunda waliwapa wanafunzi wa uhasibu wasome habari za mwanafunzi wa fani yao aliyefanya makubwa mno. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walijiona bora baada ya kusoma. Wa mwaka wa nne hawakupata kitu. Sababu iko wazi ukiifikiria: wa mwaka wa kwanza bado ana muda wa kuyafikia, wa mwaka wa nne anaona basi limeshaondoka. Kwa hiyo ukubwa wa mafanikio ya mtu unayemtazama hauna thamani moja kwa kila mtu. Thamani yake inategemea kama unaiona njia ya kutoka ulipo hadi alipo. Bila njia, shujaa mkubwa anakuwa ushahidi kwamba wewe umechelewa.

Utafiti wa ufundishaji unaongeza jambo la pili. Mwaka 2000 Anastasia Kitsantas, Barry Zimmerman na Timothy Cleary waliwafundisha wasichana wa sekondari kurusha vishale kwenye shabaha. Baadhi walimtazama mrushaji asiyekosea. Wengine walimtazama anayekosea mwanzoni, anajirekebisha kidogo kidogo, hadi anaweza. Waliomtazama anayekosea na kujirekebisha walirusha vizuri zaidi, wakajiamini zaidi. Dale Schunk na wenzake walikuwa wameona mfano wa jambo hilo mwaka 1987 kwa watoto waliosumbuliwa na hesabu za sehemu. Anayejikwaa hadharani anaonyesha kitu ambacho bingwa hawezi kukionyesha: kosa linafananaje, na baada ya kosa mkono unaelekea wapi.

Waandishi wa tamthilia za mafunzo waliligeuza jambo hili kuwa kanuni ya kazi. Miguel Sabido wa Mexico, aliyeanza kutunga tamthilia zake katika miaka ya 1970 akimfuata Bandura, aligawa wahusika mafungu matatu: wema wanaotenda lililo sawa tangu mwanzo, waovu wanaolipinga, na katikati wahusika wa mpito, watu wa kawaida wanaovutwa huku na huku, wanaoamua vibaya, wanaolipa gharama, wanaobadilika polepole. Mtazamaji hakutegemewa amwige mwema. Alitegemewa atembee na wa mpito.

Mfano mmoja uliopimwa kwa uangalifu mkubwa uko katika Kiswahili. Mchezo wa redio *Twende na Wakati* ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori anayebadilisha wanawake safarini, na mkewe Tunu, anayejifunza kujisimamia hatua kwa hatua. Kilichoufanya mchezo huu uwe wa thamani kwa watafiti ni kwamba kuanzia 1993 hadi 1995 haukurushwa Dodoma, kwa hiyo palikuwa na eneo la kulinganisha. Watafiti wakiongozwa na Everett Rogers na Peter Vaughan waliona kwamba maeneo yaliyousikia yalipiga hatua zaidi katika kutumia uzazi wa mpango na katika tabia za kujikinga na VVU. Kizuri ni kuona kilichopita katikati: watu hawakusikia na kutenda papo hapo. Walizungumza na wenza wao na rafiki zao kuhusu wahusika, na katika kuwajadili Mkwaju na Tunu walipata namna ya kusema mambo ambayo yangekuwa mazito kuyasema kwa majina yao wenyewe.

Bapa na duara: kazi mbili tofauti

Sasa kuna jambo linaloonekana kupingana. Watoto walisaidiwa na Batman, ambaye hatetereki. Warusha vishale walisaidiwa na anayetetereka. Tumwamini nani?

Aliyesoma fasihi shuleni anakumbuka mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara. Bapa ana sifa moja, habadiliki, na mara nyingi jina lake linakwambia kila kitu. Duara ana pande nyingi, anakua, anaweza kukushangaza. Tumezoea kumdharau bapa kama kazi ya mwandishi mvivu. Katika suala la kujijenga, kila mmoja ana kazi yake.

Bapa ni wa dakika. Uko mbele ya kishawishi, una sekunde tano, hutaki mtu wa kukumbuka wasifu wake. Unataka jina ambalo jibu lake unalijua kabla ya swali kuisha. "Batman angeacha?" Hapana. Basi. Mhusika mwenye migogoro ya nafsi hafai hapo, kwa sababu utaanza kujadiliana naye na kishawishi kitashinda.

Duara, hasa wa mpito, ni wa miezi. Anakuonyesha ramani: alianzia wapi, alirudi nyuma mara ngapi, nini kilimrudisha barabarani. Huyu humwiti katikati ya kishawishi. Unamrudia jioni, ukiwa umeshaanguka, ukitaka kujua kama kuanguka huko ni mwisho au ni sura ya tatu tu.

Ukiwabadilishana kazi, wote wawili wanakuangusha. Anayejipima kwa bapa mwezi mzima atajiona takataka, kwani bapa hakosei kamwe. Wahenga walishasema juu ya anayemwiga tembo kunya na yanayompata msamba wake.

Namna ya kuifanya kazi yenyewe

Anza na tendo, si na mhusika. Watu wengi wanampenda mtu fulani wa riwayani kisha wanatafuta pa kumtumia, na mwisho wanabaki na sifa tupu kama "ujasiri" au "nidhamu" ambazo hakuna saa ya mchana unaweza kusema umezitenda. Andika tendo moja lenye mahali na wakati. "Nataka kuwa mtulivu" haitendeki. "Nikipingwa kwenye kikao, sitajibu kwa ukali kabla msemaji hajamaliza" inatendeka, kwa sababu unajua itatokea lini tena.

Kisha tafuta tukio moja hadithini, si wasifu mzima. Kurasa mbili tatu zinatosha. Soma mara ya kwanza kwa starehe, mara ya pili ukiwa na kalamu, na jibu maswali manne kwa mstari mmoja kila moja: Nini kilimkuta? Jambo jepesi angefanya lipi? Alifanya lipi? Lilimgharimu nini? Swali la pili na la nne ndizo watu wanazoruka, na ndizo zenye nyama. Bila kuona jambo jepesi alilolikataa, hujaona uamuzi, umeona matokeo. Bila kuona gharama, utashtuka siku utakapoilipa wewe.

Tuchukue mfano wa Karama katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Ni bapa wa waziwazi: jina lake ni sifa, na mshtaki wake anaitwa Majivuno. Nini kilimkuta? Anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, mbele ya baraza lililokwisha kumchukia. Jambo jepesi? Kukana, kuomba radhi, au kurusha matusi. Alifanya lipi? Alisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mmoja baada ya mwingine, waliorudi na maarifa wakaishia kuadhibiwa, mpaka baraza likajiona lenyewe ndani ya simulizi. Lilimgharimu nini? Muda mrefu wa kusimama mbele ya watu wanaotaka aanguke, bila kujua kama uvumilivu utamwokoa.

Angalia tulichopata. Kama tungechukua "ujasiri wa Karama" tungekuwa na maneno. Tumechukua mbinu: usijibu shutuma kwa shutuma, weka mifano mezani mmoja mmoja. Hiyo hata mtu mwoga anaweza kuitenda, sauti ikitetemeka.

Hatua inayofuata ni kuifunga mbinu kwenye tukio kwa muundo wa "nikiona hili, nitafanya hili". Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya muundo huu mwaka 2006, na matokeo yakaonyesha kwamba unasaidia kwa kiasi kizuri kumvusha mtu kutoka nia hadi tendo. Kwa mfano wetu: "Nikihisi uso unapata moto, nitaandika hoja ya mwenzangu kwa sentensi moja kabla ya kufungua kinywa." Sehemu ya kwanza lazima iwe kitu unachokihisi au kukiona, si wazo. "Nikianza kuwa mkali" haifai, kwa sababu ukali hujijua ukiwa umeshapita.

Baada ya hapo ndipo mhusika anaingia, kama swali fupi la maneno matatu manne, likiwa na jina lake: "Karama angeanza na nini?" Jina ni la lazima. Kazi yake ni ileile ya Batman, kukutoa nje ya joto la uso wako kwa hatua moja. Watoto walivaa kitu. Mtu mzima hahitaji joho, lakini alama ndogo ya kushikika inasaidia, kama kalamu ya rangi fulani inayotumika vikaoni pekee. Isiwe kitu unachokiona siku nzima, maana jicho linakizoea na kinakufa.

Mwisho, hesabu. Kwa wiki mbili weka alama mbili tu: tukio limetokea mara ngapi, na umetenda mara ngapi. Usiandike ulivyojisikia. Kama umetenda chini ya nusu, tatizo kwa kawaida si wewe wala Karama, ni tendo kuwa kubwa; lipunguze. Badala ya kuandika sentensi nzima, chukua kalamu tu. Kama tukio lenyewe halijatokea hata mara tatu, umechagua jambo adimu mno kulijengea mazoea, tafuta lingine.

Kuhusu muda, utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa mwaka 2010, uliofuatilia watu 96, ulikadiria kwamba tendo la kila siku hufikia kilele cha kuwa mazoea kwa siku 66 kwa mtu wa katikati, lakini tofauti ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mwendo. Yule anayekuahidi siku 21 anakuuzia kitu.

Panapoharibika

Kosa la kwanza ni la zamani. Riwaya ya mwandishi Mjerumani Goethe kuhusu kijana Werther ilipotoka mwaka 1774, vijana wa Ulaya walianza kuvaa kama yeye, koti la bluu na kizibao cha njano, na mwaka 1775 mji wa Leipzig ukapiga marufuku kitabu na mavazi pia. Mavazi ndiyo yaliyo rahisi kuchukua kwa mhusika: nguo, msemo, mkao wa bega. Kujipamba hivyo hakuna ubaya kama kuna tendo nyuma yake. Kukiwa hakuna, kunaiba nafasi ya tendo.

Na wizi huo umepimwa. Mwaka 2009 Gollwitzer na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi waliotaka kuwa wanasheria, nia yao ilipotambuliwa na mtu mwingine, walitumia muda mfupi zaidi kufanyia kazi kesi za sheria kuliko wale ambao nia yao haikutambuliwa. Kutambuliwa kuliwaonjesha utamu wa kufika. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; hawa walisifiwa hata kabla ya kupanda mnazi. Ndiyo maana kutangaza mtandaoni kwamba sasa unaishi kama mhusika fulani ni njia nzuri ya kutoishi hivyo. Gabriele Oettingen ameonyesha jambo la jirani yake tangu 1991: wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito, waliojichorea picha tamu za mafanikio, walipunguza kidogo kuliko waliokuwa na picha zenye vikwazo. Kwa hiyo ukimfikiria mhusika, mfikirie penye kikwazo, si penye sherehe.

Kosa lingine ni la kumsoma mhusika kinyume na alivyokusudiwa, nalo si la wajinga. Katika *All in the Family*, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Marekani iliyoanza 1971, Archie Bunker aliumbwa ili ubaguzi wake uchekwe. Neil Vidmar na Milton Rokeach walichunguza mwaka 1974 wakakuta kwamba watazamaji wenye ubaguzi walimpenda na kuona anawashinda wenzake kwa hoja. Nchini India, tamthilia ya *Hum Log* ya 1984 na 1985 ilimchora mama Bhagwanti, anayevumilia kila dharau, kama mfano wa kuepukwa. Watazamaji wasio haba wakamwona mke wa kuigwa. Msomaji huchukua kilichofanana na alichokuja nacho. Kinga yake ni yale maswali manne, hasa la gharama: andika nani alilipa kwa tendo la mhusika. Kama aliyelipa ni mtu mwingine kila mara, huyo si kielelezo hata kama ana maneno matamu.

Kuna pia mkono wa mwandishi. Mhusika anajibu bosi wake kwa jeuri ukurasa wa 40 na ukurasa wa 60 anapata kazi bora, kwa sababu mwandishi alishaiandaa. Wewe huna mwandishi. Kabla ya kuchukua mbinu, jiulize ingekuwaje kama bahati ile isingetokea. Mbinu ya Karama inastahimili swali hilo: hata baraza lingemkatia hukumu, hoja zake zingebaki zimesemwa kwa utaratibu. Jeuri ya ukurasa wa 40 haistahimili.

La mwisho katika fungu hili ndilo linalosahaulika zaidi: mhusika anaweza kukuonyesha mlango, hawezi kuujenga. *Simplemente María*, tamthilia ya televisheni ya Peru ya mwaka 1969, ilimsimulia mtumishi wa nyumbani anayejifunza kushona kwa cherehani na kupanda ngazi. Mauzo ya cherehani yalipanda, na madarasa ya ushonaji yakajaa. Lakini cherehani zilikuwepo dukani na madarasa yalikuwepo. Luteni Uhura katika *Star Trek*, tamthilia ya televisheni ya Marekani, kuanzia 1966, aliwaonyesha wasichana weusi mwanamke mwenye cheo kwenye chombo cha anga, na Mae Jemison, aliyeruka angani mwaka 1992 akiwa mwanamke wa kwanza mweusi kufanya hivyo, alisema wazi kwamba Uhura alimvutia. Katikati ya hayo mawili kuna jambo la kiofisi kabisa: mwaka 1977 Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, alishirikiana na NASA kutafuta waombaji wanawake na watu wasio weupe, na kundi la wanaanga 35 lililochaguliwa mwaka 1978 likawa la kwanza kuwa na wanawake na Wamarekani weusi. Picha ilihitaji fomu ya maombi. Kwa hiyo ukimaliza kuandika tendo lako, ongeza mstari mmoja chini yake: kifaa, mtu au mahali ninapohitaji ili liwezekane ni nini, na je, nimeshakipata? Mara nyingi jibu la mstari huo ndilo linaloeleza kwa nini ilishindikana mwaka jana, na halina uhusiano wowote na utashi.

Wakati wa kumwacha

Mhusika ana muda wake wa matumizi. Dalili nzuri ni kwamba umetenda kwanza, kisha dakika kadhaa baadaye ndiyo ukamkumbuka. Swali halihitajiki tena. Acha kalamu ile irudi kwenye droo. Dalili mbaya ni kumrudia kila siku kwa kumsoma na kumtazama huku daftari la alama likiwa halijaguswa wiki nzima. Hapo amegeuka kuwa rafiki wa upande mmoja tu. Si dhambi, hadithi zipo pia za kutuliwaza, ila usimhesabie kazi asiyoifanya.

Na tendo jipya kwa kawaida linataka mtu mpya. Karama ana mengi ya kusema kuhusu kusimama mbele ya watu wanaokupinga. Kuhusu kuamka saa kumi na moja alfajiri hana la kusema.